Nane Nane ya Mama, Juu ya Ziwa Ngosi

Wengi wetu tuliokulia Dar es Salaam tunawasafirisha mama zetu kwa mambo yanayojulikana: msiba, harusi, hospitali. Ukimwona mama wa makamo kwenye basi la mkoani, kajitanda khanga na mfuko uko miguuni, muulize anakwenda wapi. Atakuambia anakwenda kuzika, au mpwa wake anaolewa, au kuna mtu anamuuguza. Ni nadra kumsikia mama huyo akisema anakwenda kuangalia kitu kizuri. Na sisi watoto wao, tunaopiga picha Zanzibar kila sikukuu zikiungana na wikiendi, wala hatujiulizi.

Mwaka huu jambo hili lilinikaa rohoni, maana mama yangu alikuwa anatimiza miaka sitini.

Mama ni Mnyakyusa wa Rungwe. Ndoa ilimleta Dar akiwa binti mdogo, akabaki. Tarehe yake ya kuzaliwa aliichagua mwenyewe. Bibi hakuwa na kalenda. Alichokumbuka ni kwamba baridi kali ilikuwa imeanza kulegea na watu walikuwa wanasafisha mashamba. Mwaka ulipatikana kwenye cheti cha ubatizo. Siku ya kujaza fomu ya kitambulisho cha taifa, karani alipouliza tarehe, mama alifikiri kidogo akajibu: tarehe 8 mwezi wa 8. Tulipomuuliza baadaye kwa nini, akasema yeye ni mtoto wa wakulima, na Nane Nane ni siku ya wakulima, kwa hiyo anaichukua. Tangu hapo taifa zima linapumzika siku ya kuzaliwa ya mama yangu. Yeye anaona ni heshima inayomstahili, na mimi naona hivyo hivyo.

Kwenye grupu la familia mipango ilikuwa imeshaanza bila yeye kuulizwa. Ukumbi Tabata, MC, vitenge vya sare, keki ya ghorofa, kadi za mchango. Mjomba alishapendekeza rangi. Mimi nikaenda jikoni nikamkuta mama anachambua mchele, nikamuuliza kwa mdomo wangu: "Mama, wewe mwenyewe unataka nini siku hiyo?"

Hakuchukua hata dakika. "Nataka kuliona Ngosi."

Kwa ambaye hajafika huko: Ngosi ni ziwa lililo ndani ya mlima, kwenye safu ya Uporoto, upande wa kulia wa barabara ukitoka Mbeya kwenda Tukuyu. Hutajwa kuwa la pili kwa ukubwa barani Afrika kati ya maziwa yaliyo ndani ya kreta, yaani shimo la volkano. Kutoka barabarani huoni kitu ila mlima na msitu. Mabasi ya Tukuyu, Kyela na mpaka wa Kasumulu yanapita chini yake mchana na usiku. Sisi wenyewe tumepita pale tangu utotoni, kila tulipokwenda kuzika kwao mama, na kila mara mama alinyoosha kidole dirishani akasema, "Ngosi iko huko juu," basi likaendelea.

Nikamuuliza ilikuwaje akulie jirani na ziwa asilione. Akaniambia kwamba wakati wao watoto hawakwenda kule. Wazee walisema maji yale yana wenyewe, na anayepanda awe na jambo la kumpeleka. Mtoto wa kike hakuwa na jambo. Alikuwa na kuni, maji, wadogo zake wa kubeba, na baadaye kibarua cha kuchuma chai. "Siyo kwamba nilikatazwa sana," akasema. "Hakukuwa na siku."

Hapo nikaamua. Kama kulikuwa na siku ya ukumbi na MC, basi kulikuwa na siku ya Ngosi.

Upinzani haukukosekana. Mama mdogo alipiga simu usiku ule ule. "Mwanangu, mnataka kumuua dada yangu? Ana presha huyo. Mtu wa miaka sitini anapandishwa mlima kufanya nini?" Mjomba aliuliza watu watakula nini huko porini, na wageni watakaa wapi. Sikuona ubaya wao; kwetu kumpenda mtu mzima ni kumketisha, kumpikia, kumfunika shuka. Ila nilitaka mtu mmoja katika ukoo amuulize mama anachotaka kisha akitimize kama alivyosema, bila kukirekebisha. Tukakubaliana hivi: daktari atasema, na mama atafanya mazoezi. Daktari alimpima, akamwambia asiache dawa, apande polepole, anywe maji, akiona kizunguzungu ageuke. Basi.

Mazoezi tulifanyia Pugu. Wakazi wengi wa Dar wanaijua Pugu kwa mnada wa ng'ombe, na kwa shule ambako Mwalimu Nyerere alifundisha hadi 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya siasa. Lakini kuna msitu pale, Pugu na Kazimzumbwi, ukielekea Kisarawe, wenye vilima vya kutosha kumtoa jasho mtu wa pwani. Tulikuwa tunapanda daladala Jumamosi alfajiri, mama kavaa raba na gauni lake la kushindia, leso kichwani. Mara za kwanza alikuwa anasimama kila kona. Baadaye akawa ananingoja mimi. Majirani walipojua anafanya mazoezi wakaanza kumuuliza maswali getini, na mama yangu, ambaye miaka yote nimemjua kama mtu wa kujibu "tupo tu", alikuwa anasimulia kwa mikono miwili.

Sweta tulinunua Karume, kwenye marobota ya mtumba. Lilikuwa zito, la sufu, rangi ya ugoro. Muuzaji akatuuliza tunahamia wapi.

Tuliondokea kituo cha Mbezi alfajiri ya tarehe 7. Msimu wa Nane Nane mabasi ya Mbeya hujaa, kwa sababu maonesho ya wakulima ya Nyanda za Juu Kusini hufanyika kule, viwanja vya John Mwakangale. Watu walipanda na miche, na vifaranga kwenye maboksi. Njia hiyo nimeipita sana, ila safari zote zilizotangulia tulikwenda na huzuni, na mtu mwenye huzuni haoni barabara. Safari hii mama alikaa dirishani. Mikumi tuliwaona twiga karibu kabisa na lami, dereva akapunguza mwendo, abiria wote wakahamia upande mmoja. Ruaha Mbuyuni akanunua vitunguu, ingawa nilimwambia hatuna pa kuvibebea. Kwenye mlima Kitonga basi likapanda nyuma ya malori yanayotambaa, na yeye akawa anachungulia korongoni na kuniuliza miti. Mafinga hewa ikabadilika, misonobari ya Sao Hill ikaanza, akavaa sweta. Tulishuka Uyole usiku, baridi inauma masikio. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyeamka kwenye joto la Dar huiona tofauti hiyo kwenye vidole kabla ya popote.

Tukalala nyumba ya wageni. Asubuhi ya Nane Nane nilimkuta keshavaa, kakaa kitandani na mkoba mapajani.

Isongole ndipo unaposhuka. Ni kijiji cha barabarani, chenye viazi kwenye ndoo na njegere kwenye magunia, na vijana wanaoongoza wageni kwenda ziwani. Aliyetupeleka sisi alikuwa kijana wa pale pale, pengine hajafika hata miaka ishirini na mitano. Alimwamkia mama kabla ya kunitazama mimi. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, hujambo?" Alipotaja malipo yake, mimi mtoto wa Kariakoo nikajiandaa kupunguza bei, mama akanigusa mkono. "Mlipe. Anakwenda na mimi siku nzima." Yule kijana akamtafutia mwanzi, akaukata usawa wa kifua chake, akausugua vifundo kwa panga hadi vikawa laini, akampa. Ninautaja kwa sababu mwanzi ule ulifanya kazi kubwa kuliko kitu chochote tulichobeba kutoka Dar.

Kutoka barabarani hadi ukingo wa msitu ni kilometa kadhaa za njia ya vumbi katikati ya mashamba. Wengi hupanda bodaboda kipande hiki. Mama alikataa, alitaka kuona mashamba. Kwa hiyo tulitembea kati ya matuta ya viazi mviringo, na yeye anasimama kila shamba kama mkaguzi. Anachota udongo, anaukamua, ananusa. Udongo wa kule ni mweusi na mwepesi. Alikutana na mama mmoja anapalilia, wakasalimiana kwa Kinyakyusa, na mazungumzo yakaendelea mpaka nikakaa chini.

Sehemu moja njia imekata kingo ya ardhi, na ukiangalia ile kingo unaona matabaka: udongo mweusi juu, kisha mkanda wa vijiwe vyeupe vyeupe unene wa mkono, kisha udongo tena. Mama akachomoa kijiwe kimoja. Akakipima kiganjani, akashangaa kilivyo chepesi, akakigeuza akaona vitundu vyake. "Hili si jiwe la kusugulia miguu?" Ndilo lenyewe. Jiwe lile lile ambalo akina mama wa Dar wananunua sokoni na kuliweka bafuni kwa ajili ya visigino.

Nikamwambia nilichosoma. Mbeya ndipo Bonde la Ufa linapokutana na kugawanyika: mkono mmoja unakwenda Rukwa, mwingine Usangu, mwingine unateremka Ziwa Nyasa. Ardhi ilivyopasuka hapo, moto wa chini ulipata njia, ukazaa milima mitatu mikubwa: Ngosi, Rungwe na Kyejo. Ngosi ililipuka kwa nguvu kiasi kwamba ilitapika vijiwe hivi na majivu, ikavimwaga juu ya nchi yote ya jirani. Povu la mawe yaliyoyeyuka likapoa likiwa bado na mapovu yake ndani, ndiyo vitundu. Baada ya tumbo la mlima kubaki tupu, paa likaporomoka, likaacha shimo la kilometa tatu hivi upana wake, na mvua ya maelfu ya miaka ikaingia humo. Na moto haujazimika. Kyejo ilitoa lava takribani mwaka 1800, wakati babu wa babu wa mama huenda alikuwa anaishi chini yake, na leo serikali inafanya utafiti wa jotoardhi kuzunguka Ngosi ili kupata umeme.

Mama alisikiliza huku anakisugua kile kijiwe kwa kidole gumba. "Kwa hiyo viazi vinakubali hivi kwa sababu mlima ulilipuka." Ndiyo, mama. "Na ndizi zetu, na chai." Ndiyo. Akakitia kijiwe kwenye mkoba.

Msituni mambo yakawa mengine. Jua likakatika ghafla. Njia inakuwa nyembamba, inapinda, kisha inaamua kupanda moja kwa moja. Agosti ni kiangazi huko, masika yameshapita zamani, lakini chini ya miti ile ardhi haikauki. Mizizi inateleza na mawe yana ukoga. Kuna miti mikubwa iliyovaa kuvu na ndevu za kijani, kuna mianzi inayolialia upepo ukipita, na kuna migomba mwitu. Mama alisimama kwenye mgomba mwitu wa kwanza akainua jani lake. Upande wa chini, mshipa wa katikati ulikuwa mwekundu. Akaniambia mgomba huu haulimwi kwa ajili ya tunda. Ndizi zake zimejaa mbegu ngumu nyeusi, lakini ukiuona ujue maji hayako mbali. Mwongozaji wetu akatikisa kichwa kukubali. Nilimtazama mama yangu akielekeza msituni, nikatambua kwamba kuna vitu vingi anavyovijua ambavyo Dar haikuwahi kumuuliza.

Mbega walikuwa juu yetu. Tuliwasikia wakirukia matawi, tukaona mkia mmoja mweupe. Hapo mwongozaji akataja kipunji. Huyu ni nyani wa milima ya Rungwe na Kitulo, na wengine wachache wako Udzungwa, mwenye nywele ndefu na sauti ya ajabu. Watafiti walimpata Rungwe mwaka 2003, wakamtangaza kwa dunia 2005, na 2006 ikathibitika kwamba yuko peke yake kwenye jenasi yake, yaani kundi la kisayansi la wanyama wa karibu; jenasi mpya ya nyani wa Afrika ilikuwa haijapatikana tangu 1923. Waliowasukuma kumtafuta ni wawindaji wa Kinyakyusa, waliokuwa wakimzungumzia kwa jina hilo hilo. Mama alilijua jina tangu utotoni. "Baba alikuwa anamtaja," akasema, na akasimama pale kwa muda, ameegemea mwanzi wake, kama mtu aliyesikia jina la jirani wa zamani likitajwa redioni.

Kupanda kwenyewe sitakupamba. Ni kugumu. Pumzi inakuwa fupi, hasa kwa mtu wa usawa wa bahari, na sehemu za mwisho unashika mizizi kwa mikono. Tulipitwa na vijana waliokuja na spika ya muziki, tukapitwa na familia yenye watoto, tukapitwa na karibu kila mtu. Mama hakujali. Alikuwa na mwendo wake: hatua kumi na kitu, pumzika, hatua tena. Kila aliposimama, kijana wetu alisimama ngazi moja chini yake, bila kusema neno, mkono uko tayari. Sehemu moja alikaa kwenye gogo kwa muda mrefu hadi nikaingiwa hofu, nikamuuliza kama anajisikia vizuri. "Najisikia vizuri sana. Nimekaa kwa sababu nimependa hapa."

Nikakaa na mimi.

Tukatokea juu kwenye saa sita mchana. Kwanza unaona mwanga mbele, kati ya vigogo, kisha ardhi inaisha. Sehemu ya juu kabisa ya ukingo ule inapita mita 2,600, na chini yake, mamia ya mita, kuta za msitu zinashuka pande zote hadi kwenye maji. Ziwa lina urefu wa kilometa 2.5 hivi. Siku hiyo hapakuwa na ukungu. Maji yalikuwa kijani kibichi karibu na kuta na buluu katikati, na kivuli cha wingu moja kilikuwa kinalivuka polepole kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hakuna mto unaotoka humo. Hakuna nyumba, hakuna mtumbwi. Ndege mmoja mkubwa alikuwa anazunguka chini yetu, na ni jambo geni sana kumwona ndege mgongo.

Mama hakusema kitu kwa dakika kadhaa. Kisha akauliza, "Kina chake?" Kijana akasema ni zaidi ya mita sabini. Akauliza kama kuna samaki, kama kuna watu wanaoshuka. Kijana akamweleza kwamba wapo wanaoshuka hadi majini kwa kushikilia mizizi, na kwamba wazee bado wanasema maji yale si ya kuchezea. Akamwonyesha pia jinsi ziwa lilivyo na umbo la ramani ya Afrika, kama wenyeji wanavyopenda kusema. Mama akainamisha kichwa upande huu, upande ule, akaiona. Akamwonyesha pembe ya Somalia.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akaniambia, "Mpigie mama yako mdogo. Ile ya picha."

Mtandao ulikuwepo. Mama mdogo akapokea akiwa Mbagala, jikoni, sufuria inaonekana nyuma yake. Alianza kwa kugomba: mko wapi, amekula dawa, mbona anahema. Mama akageuza simu bila kumjibu. Kukawa kimya upande wa pili. Unasikia tu mafuta yanachemka. Kisha mama mdogo, mtu aliyezaliwa nyumba moja na mama na ambaye naye hakuwahi kupanda huku, akasema kwa sauti ya chini: "Dada. Ndiyo lenyewe?" "Ndiyo lenyewe." "Sogeza kulia. Sogeza tena. Hebu usiitikise simu." Wakakaa hivyo, dada wawili wa makamo, mmoja ukingoni mwa Ngosi na mwingine jikoni Mbagala, wakiongea Kinyakyusa kwa kasi ambayo mimi siiwezi, mpaka kitu kikaungua kwenye lile sufuria na mama mdogo akapiga kelele.

Chakula cha sherehe kilikuwa viazi vya kuchemsha tulivyonunua Isongole vikiwa bado vya moto, chumvi yenye pilipili kwenye karatasi, na chupa ya chai ya maziwa. Keki hakutaka. Kijana wetu alipojua kwamba ni siku ya kuzaliwa ya mama akaondoka kidogo, akarudi na maua ya porini, akampa kwa mikono miwili, na wale vijana wa spika wakazima muziki wao wakaja kumwimbia. Mama akawashukuru, kisha akaimba wimbo mmoja wa kanisani kwa Kinyakyusa, beti zote, macho kwenye maji. Wamoravian wako Rungwe tangu 1891, na nyimbo zao mama alizijua kabla ya kujua kusoma.

Baada ya wimbo akaangalia chini akaona chupa za plastiki. Zilikuwa nyingi, zimenasa kwenye vichaka vya ukingo, nyingine mbali ambako mkono haufiki. Akawaita wale vijana: "Wanangu, njooni tuokote, tusiache kwa watu." Wakaja. Hakuna aliyenung'unika. Tulijaza mifuko tukaishusha hadi kijijini. Hili linaniuma kusema, lakini ni lazima niliseme: tunapanda saa nyingi kwenda kuona mahali pasipo na takataka, tunafika, tunaacha zetu. Ukienda, shuka na chupa yako, na ya aliyekutangulia kama unaweza.

Na kama kuna mwenye sauti kwenye kamati ya kijiji au kwenye ofisi zinazosimamia msitu ule, ninaomba magogo. Magogo ya kukalia tu, kila baada ya mwinuko mkali, na kamba ya kushika zile sehemu mbili tatu za juu. Siombi ngazi za saruji. Mama zetu wanaweza kupanda Ngosi. Kinachowarudisha ni kukosa pa kukaa, na aibu ya kuonekana wanachelewesha wengine. Gogo linaondoa yote mawili.

Kushuka kulimuumiza magoti kuliko kupanda, na nilimkanda usiku kwa maji ya moto. Kesho yake tukateremka Tukuyu. Tukapita Daraja la Mungu, pale lava ya kale ilipogeuka daraja juu ya mto Kiwira, tukala mbalaga, ndizi zetu za kupika, kwa shangazi, tukasafisha kaburi la bibi. Mama akaweka kile kijiwe cheupe juu ya kaburi, akabadili mawazo, akakirudisha kwenye mkoba. "Atanicheka," akasema. "Atasema nimemletea jiwe."

Tulivyorudi Dar, habari ilikuwa imetutangulia. Kikoba chao hukutana Jumapili kwenye baraza letu, akina mama kama ishirini, na kwa kawaida agenda ni marejesho na mikopo. Jumapili ile marejesho yalisomwa haraka haraka. Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Mama wa nyumba ya tatu, mzaliwa wa Lushoto, akasema yeye amekuja mjini bado msichana na anachokitamani ni kusimama tena kwenye genge la Irente. Mwingine wa Kigoma akataja Gombe. Amekulia Ujiji, hajawahi kuona sokwe. Mhasibu wao, mjane, mtu asiyeongea sana, akasema hana mahali. Baadaye, wakati wa kuondoka, akarudi mlangoni akasema kwamba angependa kuiona theluji ya Kilimanjaro kwa macho, hata akiwa chini Moshi, asubuhi kabla mawingu hayajafunga.

Sasa kuna mfuko mpya ndani ya kikoba. Hawajaupa jina. Kila mwanachama anatoa anachoweza kila wiki, na atakayetimiza mwaka wake mkubwa ndiye anayesema mahali. Wenzake wanaomudu wanamsindikiza. Wa kwanza ni yule wa Lushoto, mwezi wa pili. Mama ameteuliwa kuwa kiongozi wa mazoezi, na ameshawatangazia masharti: raba, si ndala, cheti cha daktari kwa mwenye presha, na Jumamosi saa kumi na mbili kasoro asubuhi wote wawe kituoni kwa ajili ya Pugu, atakayechelewa atatukuta msituni.

Mama mdogo hajajiunga na kikoba hicho. Yeye ana chake Mbagala. Lakini jana alipiga simu kuniuliza lile sweta la Karume tulinunua kwa nani.